Mkebe Niliojaza Misumari

Mama Makokha,

Sijui barua ya kwenda huko uliko inaanzaje. Ile tuliyofundishwa shuleni, ya mimi huku ni mzima hofu ni kwako tu, nimeiandika nikaifuta. Wewe huna hofu tena. Mwenye hofu ni mimi, na uzima wenyewe ni wa kusukuma. Basi nianze na habari, maana ndizo ulizokuwa ukinidai kila nikiingia, kabla hata sijavua viatu: "Leta habari, baba Makokha. Za karakana, za barabarani, zote." Nami nilikuwa nikijibu "hakuna" na kuomba maji ya kunawa. Sasa ninazo nyingi, na nikiingia hakuna anayezidai.

Watoto wako wazima. Makokha ameng'oka meno ya mbele na amejifunza kutema mate kupitia lile pengo kwa ufundi ambao ungemfinyia sikio. Bado yuko chekechea. Jina lake anaandika, ila herufi ya K anaigeuza ikaangalia nyuma, na ukimwambia anakuuliza kwa nini isiangalie huko. Nabwire amerefuka. Lile gauni la maua ulilomshonea likiwa linafagia sakafu sasa linamfikia magotini, na hataki livuliwe hata kufuliwa. Cherehani yako nimeifunika kwa shuka. Akina mama wa kanisa waliniuliza kwa upole kama ninaweza kuwaazima, nikawaambia sindano imevunjika. Haijavunjika. Nilitaka tu ikae.

Nakuandikia nikiwa karakana, Jumapili baada ya ibada, juu ya meza ya kazi. Watoto wako hapo nje wanarushiana maranda, na nguo za kanisani ndizo hizo. Nimeona niandike hapa kwa sababu nyumbani kila kitu kina mkono wako na ningeshindwa kumaliza. Kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu, ingawa najua ungelicheka kabla sijalifikisha katikati.

Tulipokuzika Musanda na watu wakatawanyika, nilirudi na watoto hapa Amalemba. Wengi walinishauri niwaache kule kwa mama yangu. Nilikataa, tena kwa kiburi, nikasema watoto wangu watalala kwangu. Asubuhi niliziweza. Uji, soksi, kufunga mlango, mmoja shuleni na mwingine kwa yule mama anayekaa na watoto wa ploti. Jioni ndizo zilizonishinda. Mtu wa mbao amezoea kitu kinachokaa pale alipokiweka. Watoto jioni hawakai, na nyumba yetu ya chumba na sebule ilikuwa kubwa sana saa hizo, sijui nikuelezeje.

Ndipo Nabwire akaanza. Nilikuwa nimewasha jiko akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akasema, "Baba, nataka kula."

Nilifurahi. Tangu msiba alikuwa anadonoa chakula kama kuku mgonjwa. Nikapika obusuma, ugali laini, nikamkaangia yai, nikamwekea kwenye sahani yake ya plastiki ya samaki. Akaangalia sahani, akaniangalia mimi, akaisukuma. "Si hii. Nataka kula." Nikamletea ndizi. Akaikataa. Nikakimbia dukani kwa mkate. Mkate akautazama akaanza kulia, kilio kile cha kuvuta pumzi mpaka unaogopa haitarudi.

Jioni iliyofuata, hivyohivyo. Na iliyofuata. "Nataka kula, baba. Nataka kula." Mama yangu mzazi, niliwaza, mtoto anataka kula na hataki chakula, nifanyeje? Nilipika wali. Nilinunua chapati na maharage kwa yule dada wa kona. Siku moja nikachinja ingokho, yule jogoo wako mwenye kiburi, nikampa Nabwire firigisi ambayo wewe mwenyewe ulikuwa ukinipa mimi kwa heshima. Akaishika mkononi kidogo, akampa paka.

Na kuta za ploti unazijua. Mtu akikohoa kwetu, mlango wa tatu wanamwambia pole. Basi fikiria, mjane wa kiume, jioni baada ya jioni, mtoto wake analia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba anataka kula. Mama Zaituni wa mlango wa pili alianza kuleta sahani. Hakuuliza neno, Mungu ambariki, anabisha tu, anasema "Asalaam aleikum, watoto wameshinda aje," anaweka pilau mezani na kuondoka bila kuniangalia usoni. Kule kutoniangalia ndiko kulikoniua. Akina mama wa kanisa nao wakaja na unga, wakaomba, na katika maombi wakamtaja Bwana anayelisha hata ndege wa angani. Niliitikia amina nikiwa nimeinamisha kichwa kwa aibu, na kwenye kabati nyuma yangu kulikuwa na chakula cha kulisha kwaya nzima.

Kulikuwa na kisa kingine ambacho sikukiunganisha na hicho. Baada ya msiba, nilipokuwa napanga vitu, niliuchukua ule mkebe wako wa majani chai, ule wenye tundu kwenye kifuniko. Ndani mlikuwa na takataka, nilidhani ni takataka: kifuniko cha soda, haragwe, na kifungo kikubwa cha bluu. Haragwe na kifuniko cha soda nikatupa. Kifungo nikakirudisha kwenye droo ya cherehani, nikidhani kimepotea njia. Mkebe nikautia misumari, kwa sababu seremala akiona mkebe anaona misumari. Tangu hapo Nabwire akawa anapanda kiti anaushusha na kuimwaga misumari yote chini. Nilimkemea. Alipoendelea nikauweka juu ya kabati, mbali. Alikuwa anasimama chini yake akiuangalia huku akilia kwamba anataka kula, nami nimesimama na sahani.

Nikampeleka zahanati. Muuguzi, mama mtu mzima, alimpima, akampa dawa ya minyoo, akamfinya mashavu. Akaniuliza mama yake yuko wapi, nikamwambia. Akasema, "Huyu mwili uko sawa. Uchezange na yeye."

Nicheze. Consolata, unanijua. Nimejenga vitanda vya nusu ya mtaa huu lakini sijui mtu anachezaje na mtoto. Baba yangu hakucheza nasi, alitukatia miwa tukala, hiyo ndiyo ilikuwa michezo. Hata hivyo nilienda mjini nikaingia duka la vitabu na vifaa vya shule, nikamwambia binti wa pale nataka mchezo wa nyumbani, wa kucheza na watoto. Akaniuliza, "Wanajua kusoma?" Nikasema bado. Akakuna kichwa, akaniletea vile alivyokuwa navyo.

Nilianza na ule wa nyoka na ngazi. Nilidhani nyoka ni nyoka, hata mtoto anamjua. Lakini namba zikipinda kona, Makokha anapotea, hajui aende kulia au kushoto, nami nikawa namshika mkono nikimsogezea, kwa hiyo nikajikuta nacheza peke yangu kwa mikono ya watoto. Nabwire alipomezwa na nyoka akaambiwa arudi chini, alikasirika akamkunjia nyoka ubao. Nikajaribu ludo. Kungoja sita ndipo utoke nyumbani! Huo ni mchezo wa watu wazima wasio na kazi. Mtoto wa miaka minne ukimwambia angoje bahati ndipo aanze, anaondoka anaenda kuangalia paka. Yule farasi mwekundu wa ludo hadi leo hajaonekana.

Nikaleta kadi zenye picha, na chini ya picha neno. Hapo nilikosea vibaya zaidi, maana picha zilikuwa nzuri na ningewaacha waangalie, lakini yale maneno yalinivuta. Nikaanza kuuliza, hii ni herufi gani, na hii? Makokha akakaa wima, akaweka mikono juu ya meza kama shuleni, na machozi yakaanza kujaa. "Ni mtihani?" akauliza. Nikazikusanya zile kadi nikaziweka mahali ambapo hata mimi sizikumbuki.

Mwisho nikasema mimi ni fundi, nitengeneze wangu. Nilichora fahali kwenye kipande cha ubao, nikamkata vipande kwa msumeno mwembamba, nikavipiga msasa visichome. Walimpanga yule fahali mara moja tu, wakapiga makofi, wakamaliza. Nabwire akaenda kulala na mguu wa nyuma. Nilikaa nikiwaza kwamba nimekosa kitu na sijui ni kitu gani. Nilikuwa nimeanza kuelewa vipande vyake tu: kwamba mtoto asiyejua kusoma hataki mchezo unaomsubirisha, wala ule ambao sheria zake ziko kwenye karatasi kwa sababu hapo mwenye sheria ni mimi, wala ule ambao mkubwa anamwachia mdogo ashinde, kwa sababu mdogo anajua anaachiwa na inamuuma. Lakini mchezo wenyewe sikuujua. Na wa kumuuliza hayupo. Nilitamani sana nikuulize, mpaka nikajikuta nimesimama mbele ya cherehani nimeshika lile shuka.

Halafu mama yangu akapiga simu. Habari zilikuwa zimefika Musanda, sijui kwa mdomo wa nani. Hakupandisha sauti, na unajua mama asipopandisha sauti mambo yameiva. "Mjukuu wangu hawezi kulia njaa mimi nikiwa hai na ng'ombe ananyonyesha. Nakuja Jumamosi kumchukua. Huyo kijana abaki na wewe kama unamweza." Nilitaka kubisha. Nibishe kwa neno gani? Mtaa mzima ulikuwa shahidi. Ijumaa nilimfungia Nabwire nguo zake kwenye ule mfuko wako wa kwenda nao Khwisero kwa wazazi wako. Nguo za mtoto ni kidogo sana, mama Makokha. Niliendelea kutafuta nyingine za kuongeza ili mfuko usionekane mtupu.

Makokha alinikuta nikifunga. Alikwenda akavua soksi zake akaniletea, akasema nimpe dada yake, Musanda kuna umande.

Mama akafika na viazi vitamu na maziwa. Nikamkaribisha chai. Nabwire alikuwa amekaa mlangoni na viatu tayari miguuni, mguu wa fahali mkononi. Sisi wawili tulizungumza kama watu wanaokwepa kitu, mvua, miwa ambayo imekaa shambani hadi imekauka, mgomba wa karibu na kaburi lako. Akaniuliza kama kanisa letu limeshachagua wazee wapya. Nikamjibu, "Bado. Jumapili ndiyo tunapiga kula."

Nabwire akainua kichwa. Aliinuka akaja hadi mbele yangu, mikono nyuma. Akaniuliza polepole kama mtu anayeogopa jibu:

"Na wewe unapiganga kula? Kwa mkebe?"

Nikasema la, kwa karatasi. Nikasema hivyo kabla sijasikia nilichoulizwa. Kisha nikasikia. Mama akaweka kikombe chini. Na Makokha, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye kochi akijifanya hayupo, akasema bila kugeuka, "Anataka ile kula ya mama. Ya mkebe."

Kura. Mtoto alikuwa anataka kura.

Wewe ungejua tangu jioni ya kwanza. Sisi wote wa huku ulimi hauchagui kati ya l na r, lakini wewe angalau ulikuwa unajua unachanganya, mimi huwa sijui mpaka niandike. Ni wewe uliyenicheka wakati ule bado tunachumbiana, nilipokuja kukualika kwenye karamu ya kaka yangu nikasema nakualika kwenye kalamu. Ulikuja siku hiyo na biro umeifunga utepe. Ulinipa mbele ya watu wote, ukasema umesikia kuna sherehe ya kalamu. Ndipo nilipojua nitakuoa. Na mimi huyohuyo nimeshindwa kumsikia mtoto wangu wa kumzaa.

Nilipanda kiti, nikashusha mkebe, nikaimwaga misumari mezani mimi mwenyewe. Nabwire alikuwa ameshakwenda kwenye droo ya cherehani na kutoka na kile kifungo cha bluu. Kumbe muda wote alijua kilipo. Makokha akanieleza sheria, na alizieleza vizuri kuliko karatasi yoyote niliyouziwa. Kila mtu ana alama yake. Nabwire haragwe, Makokha kifuniko cha soda, mama kifungo. Zote zinaingia mkebeni, kifuniko kinafungwa, mkebe unageuzwa juu chini na kutikiswa, na wote wanaimba kula ya nani, kula ya nani, mpaka alama moja idondoke tunduni. Mwenye kura anaamrisha jambo moja na wote wanatii, hata mama. Basi. Halafu inaanza tena.

Hakuna kusoma, hakuna kungoja sita, na mdogo ana bahati ileile ya mkubwa. Kila nilichokuwa nakitafuta madukani kilikuwa kwenye mkebe wa majani chai, na ndani yake nilikuwa nimetia misumari.

Nikamwuliza Makokha kwa nini hakuniambia. Nilijaribu kuuliza kwa upole, sijui kama ulitoka upole. Akasema, "Mama alisema wewe huchezangi. Umechokanga."

Najua hukulisema kwa ubaya. Ulilisema kunitetea, wanyamaze nipumzike. Lakini limenikaa hapa. Kwa sababu nilikuwa nasikia, Consolata. Miaka yote hiyo nikikaribia mlango jioni nilikuwa nawasikia ndani mnapiga kelele, kula, kula, na kicheko chako juu ya vyote. Nikiingia mnanyamaza, unaficha mkebe, unapakua. Nilidhani mnanishangilia kwa sababu nimefika na sasa watu wanaweza kula. Nilikuwa najiona baba kweli. Siku moja nikakuambia, hawa watoto wako wanapenda kula sana. Ulicheka mpaka ukashika cherehani usianguke. Ukasema, "Wanapenda sana, baba. Siku moja na wewe tutakupatia nafasi ule na sisi." Nami nikavuta kiti nikakaa mezani, nikangoja sahani.

Ulikuwa unanialika. Mara ngapi mtu anaalikwa na mke wake kwa njia hiyo na asijue? Ningeuliza tu, "Kula gani?" Neno moja. Ningekuwa na jioni zangu za kukumbuka, wewe ukiwa na kifungo chako na mimi na alama yangu, ukiniamrisha nicheze ngoma katikati ya nyumba. Sina hata moja. Watoto wanazo na mimi sina, na nawaonea wivu watoto wangu mwenyewe. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko mazishi. Mazishini nililia kama kila mtu.

Siku hiyo tulicheza, watoto wakatafuta haragwe na kifuniko kingine cha soda, mama naye akaingia. Alitoa punje ya mahindi kwenye mfuko wa sweta, unajua hakosi. Mimi nikatia msumari. Tukatikisa, msumari ukakingama juu ya tundu, hakikutoka kitu. Tukajaribu tena, vilevile. Nabwire akakunja uso, akaufungua mkebe, akaunyofoa msumari akanirudishia. Kisha akachukua kifungo chako akakiweka kwenye kiganja changu.

"Tumia ya mama," akasema. "Mama hachezangi sasa."

Mama yangu alitoka nje kuangalia mvua ambayo haikuwepo. Mimi nilibaki nimeshika kifungo. Nabwire hakuwa analia. Alikuwa anapanga tu mchezo, anataka uendelee, nami ndiye niliyekuwa nauchelewesha. Nikamwambia hapana, hicho ni cha mama, kirudishe ndani. Nikakata kipande kidogo cha mkaratusi kutoka pembeni ya kile kigoda kibovu, nikakiviringisha kwa msasa mpaka kikawa laini kama punje. Hiyo ndiyo alama yangu. Makokha anadai nimeitengeneza kiufundi ili itoke haraka, na sikatai sana.

Ya kwanza kudondoka siku ile ilikuwa ya Makokha. Akaamrisha baba awe fahali. Nikapiga magoti kwenye sakafu yetu ya saruji nikakoroma, nikapiga kwato, nikamsukuma mama yangu mzazi kwa kichwa hadi kwenye kochi. Hajawahi kuniona hivyo tangu anizae. Kisha haragwe likadondoka, Nabwire akaamrisha kukhu, bibi yake, aruke, na kukhu akaruka, na magoti yake yale. Tulipomaliza nikapakua viazi na maziwa. Nabwire alikula. Alikula kwa l, akamaliza, akaomba tena.

Mama aliinuka kwenye kochi. Aliuchukua ule mfuko, akazimwaga nguo za mtoto juu ya kitanda, akasema, "Nipe huu nibebee unga." Akaondoka nao. Makokha akazivaa soksi zake.

Sasa tunacheza kila jioni. Sikuambii kwamba naweza. Kuna siku nachoka kweli na mgongo unakataa kuwa fahali, na wao hawana habari na mgongo. Kuna siku nawakaripia halafu najilaumu. Mama Zaituni akisikia kelele anagonga ukuta na kuuliza kula ya nani leo, na sahani zake hazijaja tena, ingawa ile pilau, nikuambie ukweli, natamani angesahau akailete. Lakini wewe ulikuwa unacheza kwa jinsi nyingine. Nikikosea wimbo wananiangalia, na katika macho yao naona wanasikia vile wewe ulivyokuwa ukiimba.

Na kifungo chako kinadondoka. Mara ya kwanza wimbo ulikatika. Kilizunguka sakafuni, kikalala. Nikatamani ningekuwa nimekitoa. Nabwire akakiokota, akakiweka sikioni, akasikiliza, uso umetulia kabisa. Sisi wawili tukamngoja. Nilimngoja kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali, nikiwa na akili zangu timamu, mwanamume mzima.

"Hajasema kitu," akasema.

Makokha akasema, "Basi tungoje kidogo." Tukangoja kidogo, tumekaa chini, watatu. Kisha Nabwire akakirudisha mkebeni na kutikisa. Hiyo imekuwa sheria sasa, na sikuitunga mimi. Kikidondoka cha mama, tunangoja kidogo.

Wananiita huko nje, naona maranda yamekwisha na ugomvi umeanza. Nikuage. Samahani sikuuliza ile siku. Ningekuwa na nafasi moja ya kurudi, nisingerudi siku ya harusi yetu wala siku walipozaliwa hawa. Ningerudi jioni yoyote ya katikati ya wiki, nikasimama mlangoni, nikaingia bila kuomba maji.

Nakuahidi hivi. Nitacheza, hata nikichoka, hata wakikua na kuniona mzee anayewaaibisha. Sitawaletea tena kadi zenye maneno mpaka wayatake wenyewe. Na kifungo chako sitakitoa mkebeni kwa mkono wangu. Najua siku itakuja watakapoanza kusahau kungoja, kwanza kidogo, halafu kabisa, na mmoja wao atasema kinazuia wengine kutoka. Siku hiyo sitawauliza kwa nini. Nitakipokea, nivue shuka kwenye cherehani, nitafute uzi, nikishone kwenye shati langu la kazi mimi mwenyewe, kwa vidole hivi visivyojua sindano, na kesho yake nitakuja nacho kazini.

Baki salama, mama Makokha.

Mumeo,
Baba Makokha